Kamera ya Ndege, Maua-Mwitu na Madini: Ipi Inunuliwe Kwanza

Anayependa kupiga picha za ndege, maua-mwitu na madini hutafuta kifaa kimoja cha kufanya kazi tatu zisizofanana. Ndege yuko mbali na hatulii. Ua liko karibu, lakini upepo hulitikisa. Jiwe limetulia mezani, ila nyuso zake huakisi kila taa iliyomo chumbani, na sehemu yake ya mbele ikiwa kwenye fokasi (ikionekana wazi), ya nyuma huwa imefifia. Wauzaji wengi humshauri mtu wa namna hii anunue kamera yenye kihisi (sehemu ya ndani inayopokea mwanga na kuunda picha) kikubwa kadiri mfuko wake unavyoruhusu. Mwongozo huu unashika njia nyingine: ndege ndiye anayeamua kamera na lenzi, madini yanaamua taa na stendi, na maua huridhika na vyovyote vitakavyopatikana kwa ajili ya hivyo viwili.

Sababu yake ni kwamba ukaribu ni rahisi kuuongeza, umbali sio. Pete za kurefusha lenzi, ambazo ndani hazina kioo chochote, au lenzi ndogo ya kubana mbele kama Raynox DCR-250, huifanya lenzi ya kawaida ione vitu vidogo kwa gharama ndogo. Kwa ndege hakuna njia ya mkato ya namna hiyo. Ndege mdogo aliye umbali wa mita kumi huhitaji lenzi yenye mwono (urefu wa fokasi, unaoonyesha lenzi inavuta kiasi gani) wa angalau milimita 400 kwa kipimo cha fremu kamili, yaani kihisi chenye ukubwa wa filamu ya milimita 35, na milimita 600 humfaa zaidi.

Nafasi ya kwanza: Micro Four Thirds pamoja na lenzi mbili

Mfumo huu wa kamera na lenzi ulitangazwa na Olympus na Panasonic mwaka 2008. Kihisi chake kina takriban milimita 17.3 kwa 13, na ulalo wake ni nusu ya ule wa fremu kamili, kwa hiyo lenzi ya milimita 300 huona eneo ambalo kwenye fremu kamili lingehitaji lenzi ya milimita 600. Lenzi ya Olympus ya milimita 75–300 haifiki nusu kilo, na mtu anaweza kutembea nayo kutwa bila kuumwa shingo. Udogo huo wa kihisi, ambao wengi huutaja kama dosari, husaidia pia mezani: lenzi ya makro (ya kupiga vitu vidogo kwa karibu) ya milimita 60 f/2.8, yenye uzito wa gramu 185, inapofika uwiano wa 1:1, yaani kitu na taswira yake kwenye kihisi vikiwa sawa kwa ukubwa, hujaza picha nzima kwa kitu chenye upana wa milimita 17 tu.

Kilichoupa mfumo huu nafasi ya kwanza, hata hivyo, ni uwezo wa kuunganisha fokasi ndani ya kamera. Baadhi ya kamera za Olympus na OM System (jina jipya la kamera za Olympus) hupiga mfululizo wa picha, kila moja ikilenga kina tofauti, kisha huzifanya picha moja iliyo wazi kuanzia mbele hadi nyuma. E-M1 Mark II huunganisha picha nane, nayo OM-1 huweza kuunganisha hadi 15. Kwa mpiga picha wa fuwele uwezo huo una thamani kuliko megapikseli za ziada, kwa sababu zitakazofafanuliwa hapa chini.

Kasoro zake zisifichwe. Chini ya miti, ISO (wepesi wa kihisi kwa mwanga) inapopanda, chembechembe huonekana mapema kuliko kwenye vihisi vikubwa. Aidha, fokasi inayotambua jicho la ndege ipo kwenye OM-1 ya mwaka 2022, lakini haimo katika kamera nyingi za zamani za mfumo huu zinazouzwa kwa bei nafuu. Kwa ndege aliyetua hilo si tatizo kubwa. Kwa mbayuwayu anayeruka, ni tatizo.

Nafasi ya pili: APS-C isiyo na kioo cha ndani

APS-C ni kihisi kidogo kuliko fremu kamili na kikubwa kuliko cha Micro Four Thirds. Anayewapenda ndege kuliko mawe aipandishe nafasi hii iwe ya kwanza. Canon R7 na R10 hutambua ndege na jicho lake kwa wepesi, na lenzi ya RF 100–400 f/5.6–8, yenye uzito wa gramu 635 hivi, huona kwenye kihisi hicho kama lenzi ya milimita 640. Jambo lisilosemwa vya kutosha ni kwamba lenzi hiyo hufikia ukuzaji wa 0.41, kiasi cha kujaza picha kwa kitu chenye upana wa sentimita tano na nusu. Ua-mwitu la kawaida hutosha humo, na kwa kuwa mpigaji husimama mbali kidogo, kivuli chake hakiliangukii wala magoti yake hayakanyagi miche ya jirani. Ukibana Raynox mbele yake unapata mwanzo mzuri wa picha za madini. Udhaifu wake ni tundu la kupitishia mwanga la f/8 kwenye milimita 400 (namba ya f ikiwa kubwa, tundu huwa dogo): alfajiri na msituni kamera italazimika kupandisha ISO sana.

Nafasi ya tatu: kamera ya lenzi moja yenye kihisi cha inchi moja

Sony RX10 IV ya mwaka 2017 ndiyo mfano bora wa kundi hili. Lenzi yake isiyobanduka huanzia mwono wa milimita 24 na kufika 600, kwa tundu la f/2.4–4, na kwenye mwono mrefu kabisa huweza kulenga kitu kilicho umbali wa sentimita 72. Kamera moja basi hupiga mandhari, ua na ndege bila kubadilisha lenzi wala kuingiza vumbi. Kwa msafiri ni chaguo la busara. Kwa mpenda madini inaishia njiani, kwani fuwele za milimita chache zitahitaji lenzi ya kubana mbele, na kihisi chake kidogo hakivumilii kufunga tundu sana.

Nafasi ya nne: DSLR iliyotumika

DSLR ni kamera yenye kioo cha ndani kinachoakisi picha hadi kwenye jicho la mpigaji. Kwa fedha kidogo, hapa ndipo penye ubora mwingi zaidi wa picha. Nikon D500 ya mwaka 2016 pamoja na lenzi ya 200–500 f/5.6 bado ni zana kamili ya ndege, na lenzi za makro za zamani za milimita 90 hadi 105 hazijapitwa na wakati hata kidogo. Imeshuka hadi nafasi ya nne kwa uzito tu: lenzi hiyo ya Nikon peke yake ina zaidi ya kilo mbili, na mtu aliyebeba pia nyundo na vipande vya miamba hataifurahia baada ya kilima cha kwanza.

Zilizobaki

Nikon P950 na P1000 huvutia kwa mwono wa milimita 2000 na 3000. Hata hivyo, kihisi chao ni kidogo sana, na kwa umbali huo mvuke wa joto unaocheza hewani huharibu picha kabla haijafika kwenye lenzi. Zinafaa kumtambua ndege, si kumchapisha ukutani. Fremu kamili ni nzuri mno, lakini lenzi zake ndefu hula fedha ambazo zingenunua kila kitu kingine kilichotajwa hapa. Simu ya mkononi inatosha kwa maua mapana. Ndege haiwawezi, isipokuwa ikishikizwa kwenye darubini.

Fedha za taa na stendi

Sehemu hii ndiyo wanunuzi wengi huisahau, na ndiyo inayotenganisha picha ya jiwe na picha ya madini. Kwenye uwiano wa 1:1, tundu la f/8 hutenda kazi kama f/16, na ukizidi kulifunga ili kupata kina, mwanga hupinda kingoni na picha nzima hulainika. Ndiyo maana kuunganisha fokasi ni bora kuliko kufunga tundu. Kama kamera haiunganishi yenyewe, programu za Helicon Focus na Zerene Stacker zitaifanya kazi hiyo kwenye kompyuta, mradi stendi isitikisike kati ya picha moja na nyingine.

Nunua taa mbili za LED zenye CRI (kipimo cha usahihi wa rangi chini ya taa) ya 95 au zaidi, kwa sababu taa duni huipotosha rangi ya amethisti hata kamera iwe bora namna gani, kisha weka karatasi nyeupe inayopitisha mwanga kati ya taa na jiwe. Kichujio cha polaraizi hupunguza mng'ao kwenye kalsiti na kwatzi, lakini kwa pairiti na galena, ambazo huakisi kama metali, kichujio cha kwenye lenzi peke yake hakifanyi mengi. Ni lazima taa nazo zifunikwe kwa karatasi za polaraizi. Hata hivyo mng'ao usifutwe wote. Pairiti isiyong'aa huonekana kama udongo mkavu, na mara nyingi kuligeuza jiwe kwa nyuzi chache tu hutosha kuutoa uso mmoja gizani. Anayetaka kupiga floriti inayowaka chini ya miale ya urujuanimno aanze na taa ya nanomita 365 yenye kichujio. Taa za nanomita 254 huunguza macho na ngozi, na hazitumiwi bila miwani ya kinga.

Kwa maua, chagua stendi ambayo miguu yake hufunguka hadi karibu na ardhi na isiyo na nguzo ndefu ya katikati. Petali nyekundu na za njano hupoteza undani upesi kwenye jua kali, hivyo kagua histogramu (grafu ya mwangaza kwenye skrini ya kamera) ya kila rangi peke yake, kwa maana ile ya jumla hudanganya.

Kabla ya kulipia kifaa kilichotumika

Uliza shata (pazia la kamera linalofunguka kila unapopiga picha) imefyatuliwa mara ngapi. Ya D500 imekadiriwa kudumu mara 200,000. Pitisha tochi nyuma ya lenzi na utazame kutoka mbele, tundu likiwa wazi kabisa. Vumbi kidogo halina madhara. Nyuzi nyeupe zinazotambaa kama mizizi ni kuvu, na lenzi ya namna hiyo iachwe hata kama bei yake inavutia, kwa kuwa kuvu hula utando wa kioo na alama zake hubaki hata baada ya kusafishwa.