Duka la oili Mwembe Tayari: hawatii tone kabla ya kupima

Sijapata mahali pengine Mombasa panapoongezwa oili kwa uangalifu kama hapa, na mwenye gari jipya ndiye hasa ningependa apajue.

Duka lenyewe halina bango. Ukiacha Jomo Kenyatta Avenue ukaingia mitaa ya ndani ya Mwembe Tayari, utalijua kwa mlango wa manjano na madebe yaliyopangwa hadi darini. Wako wawili: mzee mwenye kofia ya vito, na kijana wake anayeshika spana.

Gari langu nililitoa shoorumu mwaka huu, injini ya lita 1.5, na kifuniko cha oili kimeandikwa 0W-20, yaani namba ya uzito wa oili yake. Naishi Likoni, kazi ni kisiwani. Kabla hata ya sevisi ya kwanza niliona kijiti cha kupimia oili kinasoma chini kuliko siku nilipolichukua gari. Kila niliyemuuliza aliniambia gari jipya haliguswi, lingoje sevisi. Si kweli hata kidogo. Injini ikiwa mpya, ringi za pistoni hazijakaa sawasawa kwenye ukuta wa silinda, kwa hivyo oili kidogo hupenya juu ikaungua pamoja na petroli. Wapo watengenezaji wanaoandika kwenye vitabu vyao kwamba hata lita moja kwa kilomita 1,000 bado ni kawaida. Langu halili kiasi hicho, wala karibu. Lakini kwenye magari mengi, kutoka alama ya chini hadi ya juu ni kama lita moja tu. Usipofungua boneti mpaka sevisi, waweza kufika chini ya alama na hakuna taa iliyowaka. Ile taa nyekundu ya dashibodi yenye picha ya kibirika huangalia presha ya oili, si kiwango. Ikiwaka, zima injini papo hapo. Na sisi wa Likoni tuna letu: kwenye foleni ya feri injini inanguruma, AC imewashwa, oili yatumika na kilomita hazisogei.

Nilipofika dukani, mzee hakugusia bei. Aliuliza gari limezimwa saa ngapi.

"Ndio kwanza nimefika, mzee wangu."

"Basi kaa unywe kahawa, mwanangu. Oili bado iko juu kwenye injini, yashuka polepole. Ukipima sasa, kijiti chakudanganya."

Kwanza lakini kijana alinisogezesha gari, kwa sababu mtaa umeinama, mpaka magurudumu yote manne yakawa kwenye simenti iliyo sawa mbele ya duka. Tukangoja kama dakika kumi. Akachomoa kijiti, akakifuta kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi, akakirudisha mpaka mwisho, akakichomoa tena. Alikilaza, hakukisimamisha, oili isije ikateremka, akasoma pande zote mbili. Ilikuwa juu kidogo ya alama ya chini, rangi ya asali bado. Halafu akainusa. Safari fupi fupi, injini haijapata moto vizuri, huchanganya petroli kwenye oili, na hapo kiwango huweza hata kupanda. Oili inayopanda yenyewe ni ya kuwarudia waliokuuzia gari, upesi.

Yangu haikunuka petroli. Akatia robo lita kwa kikombe cha kupimia na faneli, akangoja, akapima. Akatia tena kidogo, akapima. Akasimama chini kidogo ya alama ya juu na hapo hapo akafunga. Nilimwambia ajaze tu mpaka juu, akakataa: ikizidi, kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, huipiga ikatoa povu, na povu halilainishi kitu. Chupa iliyobaki alinifungia, akaandika kwa kalamu ya wino tarehe na kilomita. Risiti nayo ina 0W-20 na jina la oili, ili niiweke pamoja na kitabu cha sevisi. Hilo ni jambo kubwa kwa gari lililo chini ya waranti.

Chupa ya lita moja nililipa shilingi 1,350. Zipo za bei ya chini mtaani, lakini hapa wewe mwenyewe ndiye unayekata sili. Mzee alinionyesha mgongoni mwa chupa duara la API, taasisi ya Marekani ya viwango vya oili: SP, yaani daraja la ubora, juu, na 0W-20 katikati. Chupa ikiisha, kijana huitoboa kwa msumari mbele yako, isiokotwe ikajazwa oili chafu na kuuzwa tena. Sijaona duka jingine likifanya hivyo, na kwangu mimi hilo peke yake latosha kunirudisha.

Kuna kituo cha mafuta ambako niliwahi kuambiwa "mama, oili imekwisha" injini ikiwa haijazimwa hata dakika mbili, na chupa ya 20W-50 imeshafunguliwa. Nilifunga boneti nikaondoka. Oili nzito namna ile haikukusudiwa injini hii, na ukiipima kwa haraka vile kila gari litaonekana halina oili.

Kasoro zipo. Pa kuegesha ni gari moja, labda mawili mkijibana, na asubuhi mikokoteni huziba njia. Ijumaa hufunga kwa swala na hawafungui upesi. Filta za magari mapya mara nyingi hawana, kwa hivyo sevisi kamili usiitarajie hapa. Na kama una haraka, hapatakufaa, maana mzee hapimi injini ya moto hata umbembeleze.

Nenda alasiri, baada ya saa tisa, mtaa ukiwa umetulia. Chukua kitabu cha gari, kwa sababu atakuuliza namba ya oili, na usipoijua atafungua boneti aisome mwenyewe kwenye kifuniko kabla ya kukuuzia chochote.