Uzoefu wangu na seti ya vitabu vya picha kwa watoto wa miaka 3 mpaka 5 (niko Dodoma)

Habari zenu wapendwa. Nimeona niandike hii maana wazazi kadhaa wameniuliza vile vitabu vya picha ninavyotumia na watoto vikoje na kama vinafaa kununua, nikajikuta narudia maelezo yaleyale kila jioni pale getini, sasa bora niyaweke yote hapa. Mimi niko Nkuhungu, nalea watoto nyumbani kwangu, wazazi wananiachia asubuhi wakienda kazini wanawafuata jioni. Kwa sasa ninao 9, mdogo kabisa ana miaka 3 na wakubwa wana 5 wanasubiri Januari waanze awali.

Seti ni vitabu 4, kila kimoja kina picha 12 na maneno machache sana, mstari mmoja chini au hamna kabisa. Nilinunua mjini duka la vifaa vya shule kwa 28,000. Jina la waliochapisha silitaji kwa sababu nina malalamiko na sitaki kumharibia mtu biashara, kitu chenyewe kiukweli nimekipenda. Kimoja ni cha kupika uji, kimoja kuku anaatamia mpaka anaangua, kimoja mtoto kapoteza ndala mvua ilivyonyesha, cha nne ni watoto watatu na kishada kimoja cha zabibu.

Kilichonipeleka dukani ni hivi. Watoto wangu wanaongea sanaaa, ila wakisimulia hakuna mpangilio. Unamuuliza mtoto jumapili mlienda wapi anaanza na keki, anarudi kwenye bajaji, anakwambia nililia, ulilia kwa nini hakwambii, anaruka kwa bibi, ukija kushtuka habari imeisha hujaelewa kitu. Watu wanachukulia utoto tu lakini mimi naona ni kitu cha kufundisha, maana mtoto asiyeweza kupanga kipi kilianza kipi kikafuata hata akipigwa na mwenzake hawezi kukueleza ilikuwaje, na akifika kwenye KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) shuleni atasoma sentensi moja moja vizuri tu ila ukimwambia haya nieleze ulichosoma hana. Hilo la kwanza. La pili ni kunyang'anyana, mwanasesere mmoja watu wanne, kelele kuanzia saa mbili asubuhi.

Mwanzoni nilisoma kawaida. Tunatandika mkeka chini ya mwarobaini, nasema hadithi hadithi, wanaitikia hadithi njoo, nashika kitabu nawageuzia picha. Kabla sijafungua ukurasa unaofuata nauliza mnadhani nini kitatokea? Hapo ndipo nilipoona aliyechora ana akili, kwa sababu kila picha imeficha kitu kinachokupeleka kwenye picha ya mbele. Kile cha ndala, picha ya pili mtoto anacheza jua linawaka lakini ukiangalia juu ya paa kuna kiwingu kidogo cheusi, na ndala moja mkanda umeanza kuchomoka. Watu wazima hatuoni. Kuna kabinti kangu ka miaka 4 kaliweka kidole kwenye ule mkanda kakasema "Anti, hii itakatika." Picha ya tano ikakatika kweli, maji yakaibeba mtaroni. Alivyopiga makofi siku ile!

Sasa malalamiko. Wiki ya tatu gundi ya mgongo ikakauka ikaanza kupukutika kama ganda la karanga, karatasi zikaanza kuchomoka moja moja. Vitabu vyote 4. Vimebandikwa gundi tu, hakuna pini hakuna uzi, na kitabu cha mtoto wa miaka 3 kinafunguliwa mara hamsini kwa siku, kinakanyagwa, kinalaliwa. Nikarudi dukani naambiwa dada vitabu vikishatoka havirudi. Iliniuma, 28,000 kwangu ni hela. Kwa hiyo ukinunua kitu cha namna hii kikunjue katikati palepale dukani uangalie mgongo, ukikuta pini mbili za chuma chukua, ukikuta gundi peke yake jipange.

Lakini sasa ngojeni niwaambie kilichotokea, maana hiki ndicho kimenifanya niandike. Siku moja nimeingia ndani kuangalia maharage, narudi nakuta kitabu cha zabibu kimesambaratika na kila aliyewahi kakimbia na karatasi yake, mmoja yuko nyuma ya tenki la maji, mwingine kakalia ya kwake asinyang'anywe. Nikawa nataka kuzikusanya nizifungie kabatini. Yule mkubwa akasimama katikati ya uwanja akanyanyua ya kwake akaanza, "Kulikuwa na watoto watatu, wakaona zabibu..." halafu akanyamaza. Hana inayofuata. Akaangalia huku na huku, akauliza "nani anayo ya kuvuta?" Aliyekalia karatasi yake akainuka mwenyewe akaenda kusimama pembeni yake! Hajaitwa kwa nguvu, hajatishiwa, kaenda kwa sababu bila yeye hadithi imekwama. Nikaacha kabisa habari za kukusanya.

Tangu siku hiyo hatusomi tena kwa mimi kushika kitabu. Kila mtoto anapewa picha, wengine mbili, wanasimama mstari, kila mmoja anasema ya kwake kwa zamu yake. Miezi yote niliyokuwa naimba "gawaneni, gawaneni" haikunisaidia kama hii, kwa sababu ukimwambia mtoto gawana anasikia unamnyang'anya, ila hapa picha inabaki mkononi mwake, ni yake, na bado wenzake wote wanaihitaji.

Kuna kazi kidogo ya kuiandaa. Vitabu hivi vimechapwa mbele na nyuma, kwa hiyo karatasi moja ina picha ya 3 na ya 4 zimepeana mgongo, ukimpa mtoto mmoja mstari unavurugika. Ikabidi nirudi kununua nakala ya pili ya kile cha zabibu na cha uji, wanauza kimoja kimoja 7,500. Nikabandika kila picha kwenye kipande cha boksi, juu nikapitisha solotepu pana, maana vumbi letu mnalijua, likikaa kwenye picha ukifuta na kitambaa kibichi rangi inaondoka nalo. Wangechapa upande mmoja tu wangetuokoa sana. Na miezi ya upepo, kuanzia kama Juni, kila mtoto anaokota jiwe lake kabla hatujapanga chini, la sivyo hadithi nzima inahamia kwa jirani.

Nikianza na wapya siwapi 12. Natoa 3 tu, ya mwanzo, ya katikati na ya mwisho. Watoto wadogo wengi wanaweka kwanza picha wanayoipenda, wa kwangu walikuwa wanatanguliza vifaranga kabla ya mayai kila siku, simwambii umekosea, namuuliza tu hawa vifaranga wametoka wapi? Anafikiria, anarudisha mayai nyuma mwenyewe. Akizoea 3 naongeza 4, naongeza 6. Na nawafundisha maneno ya kuunganisha, kwanza, halafu, kisha, mwishoni, lakini neno ninalolipigania zaidi ni "kwa sababu". Mtoto akisema "halafu akalia" namwacha, akisema "akalia kwa sababu zabibu zimedondoka mchangani" hapo ndipo nafurahi, maana ameshaona kitu kimoja kinaleta kingine.

Cha uji kilinifundisha mimi pia. Kitabu kinasema maji yanachemka, unga unakorogwa pembeni kwa maji baridi, unamiminwa, unapika, mwishoni sukari. Mtoto mmoja kila siku sukari anaiweka mwanzo kabisa kwenye maji. Nilimrekebisha mara mbili, ya tatu akaniambia kwa msisitizo "bibi yangu anaweka hapo." Nikamuuliza bibi yake jioni nikimsalimia, kweli, na uji wa uwele anaupika hivyohivyo miaka yote. Basi tukakubaliana kuna uji wa kitabu na uji wa bibi, tunapanga zote mbili. Ila unga kabla ya maji kuchemka, hapo waligoma wote, wakasema utakuwa mabonge.

Cha zabibu ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Picha ya sita mkubwa kaficha kishada mgongoni, ya saba hakuna hata neno moja, ni sura tu za wale wadogo wawili. Hakuna pale "watoto wazuri hugawana". Nikiwa na watoto nanyamaza kabisa tunapofika hapo, wanaongea wenyewe. Mmoja alisema mkubwa mchoyo, mwingine akamtetea, akasema yeye ndiye aliyezichuma, mwingine akasema aliyeziosha zilivyodondoka apewe nyingi. Walibishana mpaka saa ya kula. Msimu wa zabibu ulivyofika nikanunua kilo nikawapa bakuli moja wagawe wenyewe, mmoja akazunguka anatoa punje moja moja kwa kila mtu kama kwenye picha ya 11, zikabaki mbili, wakanipa mimi.

Jambo jingine, nina binti alikuja katikati ya mwaka kutoka Mvumi kukaa na bibi yake, Kiswahili kidogo sana, kwao wanaongea Kigogo tu. Wiki mbili alikuwa kimya. Siku alipopewa picha ya kuku alisimulia kwa Kigogo, ndefu, mikono inarusharusha, na wenzake wakafuata kwa sababu picha wanaiona, aliyefuata akaendelea kwa Kiswahili hadithi ikaenda vizuri tu. Kitabu chenye maneno mengi kingemfungia mlango yule mtoto. Sasa hivi asubuhi wote wananisalimia "Mbukwa anti".

Kwa ambaye hela haijakaa sawa, kuna African Storybook, mradi wa shirika la Saide la Afrika Kusini, hadithi za picha nyingi na za Kiswahili zipo, bure kabisa, zina leseni huria kwa hiyo unaruhusiwa kuprinti. Nenda stesheneri waambie waprinti upande mmoja. Kwenye simu zinasomeka vizuri lakini kwa kazi hii simu haifai, simu inashikwa na mtu mmoja, na huwezi kuona picha zote kwa pamoja uzipange.

Kwa hiyo hadithi na michoro nyota 5, utengenezaji nyota 2. Ningenunua tena? Ndio, ila nakala mbili moja kwa moja na solotepu juu.

Wiki iliyopita yule wa uji wa bibi aliumwa hakuja. Nikagawa picha za zabibu, moja ikabaki, ya nane, huwa anaipenda yeye. Nikataka kumwongezea mwingine, wakakataa. Wakasimama mstari, kati ya wa saba na wa tisa wakaacha nafasi ya mtu, wakaweka picha chini pale pamoja na jiwe lake. Hadithi ilivyofika hapo wakasema wote kwa pamoja, "halafu wakaziosha," mstari ukaendelea.