Flaiwili nyepesi kwenye DT175: yaliyonikuta Usambara

Nina Yamaha DT175 ya zamani, tustroki, kazi yake kubwa ni kunipandisha kutoka Mombo hadi Lushoto, kisha barabara ya vumbi kuelekea Mtae. Mwaka jana nilichoka na ile tabia yake ya kuvutwa mafuta halafu ikajifikiria kwanza. Nikaamua kuipunguzia uzito flaiwili, lile gurudumu zito la chuma lenye sumaku za kuzalisha umeme, linalokaa mwishoni mwa shafti ya injini (krenki).

Mpya sikununua. Nilitafuta ya mtumba, nikaipeleka kwenye leizi, mashine ya kukereza chuma, ikakwanguliwa ukingo wa nje, upande usio na sumaku. Zilitoka kama gramu 350. Pale ukingoni ndipo penye maana, maana gramu 100 za pembeni zinabadilisha mwendo wa injini kuliko gramu 100 za karibu na shafti. Ndipo penye hatari pia: chuma kile kinazunguka maelfu ya mara kwa dakika, jirani kabisa na mguu wako wa kushoto. Fundi wa kwanza alitaka kutoboa matundu palepale zilipogandishwa sumaku. Nilibeba chuma changu nikaondoka.

Kwenye gia ya kwanza na ya pili pikipiki ikawa mbuzi aliyekata kamba. Unagusa tu mafuta, imeshaitika. Kwenye lami, gia ya mwisho, sikuona tofauti yoyote, na anayekwambia utapata spidi zaidi anakudanganya. Flaiwili haizalishi nguvu, inatunza mzunguko. Ukiipunguza, injini inapanda resi haraka na kushuka haraka.

Huko kushuka ndiko kulikonitesa. Masika, udongo mwekundu, mawe yameloa: naachia mafuta kidogo nikwepe jiwe, injini imezima. Nakanyaga breki ya nyuma, tairi linaganda, injini imezima kabla sijashika klachi. Ile nzito ingejivuta yenyewe. Kupanda nako, nguvu inakuja kwa mpigo na gurudumu la nyuma linasota bure kwenye utelezi. Siku moja nilipiga kiki mara tisa katikati ya mlima, watoto wa shule wananihesabia kwa sauti.

Halafu kuna kosa langu mwenyewe. Sikukaza nati sawasawa, kii (kile kipande kidogo cha chuma kati ya shafti na flaiwili) ikakatika, taiming, yaani wakati wa kupiga cheche, ikahama, eksosi ikaanza kupiga mafataki. Nilikuwa nadhani kii ndiyo inayoshikilia flaiwili. Kumbe inapanga taiming tu. Mzigo unabebwa na mkazo wa ile shafti iliyochongoka ndani ya tundu lake. Kwa hiyo futa grisi yote pande zote mbili kabla ya kufunga. Kutoa, tumia pula, kile kifaa cha kuivuta nje. Nyundo inaachisha sumaku na inaweza kupindisha krenki.

Sasa nimerudisha ya kiwandani. Kwa njia za mlimani, za kwenda polepole ukichagua pa kupita, nyepesi si ya kununua. Kwa mchanga, ambako resi zinakaa juu muda wote, ni tamu sana; nikishuka pwani Pangani huwa naifunga ile nyepesi. Kama shida yako ni pikipiki kuwa nzito kuitika tu, anza na sproketi ya mbele (gurudumu la meno linalovuta cheni) iliyopungua jino moja. Ni rahisi, na ukiichukia unairudisha jioni ileile. Mimi nilianzia kwenye leizi.