Duka la kanga la Majengo, Mtwara: bei ya juu yenye maelezo

Duka hili, lililopo Majengo mjini Mtwara, ni chumba kimoja tu chenye kaunta ya mbao na kanga zilizopangwa hadi karibu na dari. Nilikwenda kutafuta doti sita za sare ya shughuli ya unyago, nikiwa na kinyongo tayari, kwa kuwa doti ya India huuzwa hapo shilingi 15,000 na punguzo halizidi mia tano.

Mama mwenye duka alipokea malalamiko yangu bila kununa. Alilowesha leso nyeupe, akaisugua kwenye pindo la kanga mbili. Ya bei nafuu iliacha doa jekundu, ya pili haikuacha kitu. "Hii, mwanangu, ukiifua na nguo nyingine zote zitageuka waridi," alisema, kisha akairudisha ile nafuu rafuni ingawa ningeweza kuinunua.

Kuhusu bei, alinipigia hesabu nyuma ya boksi. Ushuru wa forodha wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki umeziweka kanga, kikoi na vitenge vya pamba kwenye orodha ya bidhaa nyeti zinazotozwa asilimia 50 ili kulinda viwanda vya hapa. Hivyo, kwa mfano tu, mzigo wa kanga uliofika bandarini ukiwa na thamani ya shilingi 10,000 hufikia 15,000, na VAT ya asilimia 18 huupandisha hadi 17,700 kabla hata ya nauli ya lori. Doti yake, basi, haiwezi kuwa ya bei ya kutupa.

Kinachonishangaza ni tarehe. Umoja wetu wa forodha ulianza tarehe 1 Januari 2005, siku ileile ambayo vikomo vya idadi ya nguo za Asia katika masoko ya Ulaya na Marekani, vyenye mizizi katika mkataba wa mwaka 1974, vilifikia mwisho. Hata hivyo, Ulaya haikuvumilia wingi wa nguo uliofuata: kufikia Juni ilikuwa imekubaliana na China vikomo vipya kwa aina 10 za nguo, vikajaa upesi, na mwezi Agosti mamilioni ya sweta, suruali na sidiria zilizokwisha kuagizwa zikakwama bandarini. Kwetu hakuna kikomo cha idadi. Mzigo unaingia wote, ila mnunuzi ndiye anayeulipia, na mimi naona hiyo ni njia ya wazi zaidi.

Kasoro zipo. Taa ni hafifu, hivyo omba kanga ifunuliwe mlangoni kwenye jua, na usome jina lake vizuri kabla hujaipeleka kwa mama mkwe. Risiti ya mashine niliipata baada ya kuiomba mara mbili. Doti zenye jina nililolitaka zilikuwa tano tu, nami nikaahidiwa ya sita mzigo ukifika. Ilichukua wiki tatu, ikaja na pindo la rangi tofauti kidogo. Kijana wa cherehani aliyeko barazani aliikata na kuipinda bila malipo, kwa amri ya mama.