Hati miliki au hati ya kimila kwa shamba la Bagamoyo

Wengi wetu Bagamoyo tunasema "ardhi yangu", ilhali kisheria ardhi yote ya Tanzania Bara ni ya umma na Rais ndiye mdhamini. Tulicho nacho ni haki ya kuitumia, na karatasi uliyoshika ndiyo inayosema haki hiyo itadumu hadi lini.

Hati miliki, ya Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, ina muda: miaka 33, 66 au 99. Kila mwaka unalipa kodi ya pango la ardhi, na ukitelekeza kiwanja bila kukiendeleza, hati yaweza kufutwa. Lakini benki huipokea kwa urahisi zaidi.

Hati ya kimila, chini ya Sheria Na. 5 ya mwaka huohuo, hutolewa na halmashauri ya kijiji na yaweza kuwa haina kikomo. Shamba la mzee wangu limepakana na ua wa minyaa upande mmoja, na mnazi wenye alama ya panga upande wa pili. Majirani walitembea nasi hatua kwa hatua kuuthibitisha mpaka. Kwa shamba la ukoo, mimi ningechagua hati hii ya kimila. Kumuuzia mtu asiye mwanakijiji kunataka idhini ya halmashauri, nami naona hiyo ni kinga.

Ila mji unasogea. Ardhi ya kijiji ikihamishwa kuwa ardhi ya jumla, yaani isiyo ya kijiji wala ya hifadhi, mazungumzo ya muda na pango yanaanza upya. Siku ya upimaji nendeni familia nzima, na majina ya mama zetu yaandikwe.