Muhula mmoja wa Uchambuzi na Usanifu wa Mifumo mjini Kigoma: je, ada inastahili?

Nimemaliza muhula wa somo la Uchambuzi na Usanifu wa Mifumo, ngazi ya stashahada, kwa masomo ya jioni katika chuo kimoja cha kati hapa Kigoma mjini, na kwa kuwa vijana kadhaa wa mtaani kwetu Mwanga wamekwisha kuniuliza kama somo hilo linastahili ada yake, nimeona heri niandike jibu kamili mara moja. Jina la chuo sitalitaja, maana baadhi ya nitakayoyalalamikia yanawagusa watu wanaofanya kazi katika mazingira magumu, na sina nia ya kumharibia mtu kibarua chake.

Mimi ni mtunza stoo wa mfanyabiashara wa dagaa katika mwalo wa Kibirizi. Nilijiunga nikidhani kwamba nitafundishwa kutengeneza programu ya kuhesabia mali na madeni, na hapo nilikosea. Hili ni somo la kazi inayoitangulia programu: kuchunguza shughuli inavyoendeshwa sasa, kubaini inakwama wapi, kukubaliana na wenye shughuli juu ya wanachokihitaji, kisha kuuchora mfumo mpya kwa namna ambayo mtengeneza programu ataweza kuufuata hata kama hajawahi kukanyaga mwalo maishani mwake. Muhula mzima hatukuandika hata mstari mmoja wa msimbo, na wenzangu wanne waliokuja kwa matumaini kama yangu waliacha kabla ya wiki ya nne.

Siwalaumu sana, kwa sababu wiki hizo za mwanzo zilikuwa za imla tupu. Mwalimu alisoma, sisi tukaandika: upembuzi yakinifu, uchambuzi, usanifu, utekelezaji, matengenezo. Hatua hizo zilifundishwa kama maji yanayoporomoka mlimani yasiyoweza kurudi juu, ilhali mtaalamu wa kompyuta Winston Royce, ambaye makala yake ya 1970 ndiyo inayotajwa kuwa chimbuko la mfuatano huo, alionya humo humo kwamba kuufuata hivyo hivyo ni kujitakia hatari. Njia nyepesi, ziitwazo Agile, zilizopata tamko lao mwaka 2001, zinazomrudia mteja mara kwa mara kwa vipande vidogo vya kazi, zilipewa nusu ukurasa, na nusu hiyo yenyewe tuliambiwa haitatoka kwenye mtihani.

Somo lilianza kunilipa tulipofika kwenye michoro ya mtiririko wa data. Unaanza na mchoro wa muktadha, ambao mfumo mzima ni duara moja, na nje yake kuna miraba ya wahusika: kwangu walikuwa mvuvi, mnunuzi na mkusanya ushuru. Kisha unalifungua duara hilo, unaonyesha michakato iliyomo ndani na maghala ambamo taarifa hutunzwa. Sheria zake ni chache lakini hazina huruma. Mchakato unaopokea taarifa bila kutoa chochote huitwa shimo jeusi. Unaotoa bila kupokea huitwa muujiza. Na mhusika wa nje haruhusiwi kupeleka taarifa moja kwa moja kwenye ghala, ni lazima zipitie mchakato.

Mimi niliivunja sheria hiyo ya mwisho. Nilichora mshale kutoka kwa mnunuzi hadi kwenye daftari la madeni, na mwalimu akauzungushia kalamu nyekundu akaandika pembeni: "Nani aliyeandika?" Nilipoketi kuufuta ndipo nilipogutuka kwamba mshale ule ulikuwa sahihi. Stooni kwetu, ninapokwenda kwenye vichanja kuangalia dagaa, daftari la kaunta hubaki wazi mezani, na wanunuzi tuliowazoea hujiandikia wenyewe walichochukua. Miaka mitatu tulikuwa tukigombana na bosi kuhusu beseni zisizolingana na hesabu, naye akishuku vibarua. Nilimweleza mwalimu, akacheka, akasema, "Basi usiufute. Uweke kwenye mchoro wa mfumo wa sasa, halafu uuondoe kwenye mchoro wa mfumo mpya." Kama ningelipia kipindi hicho kimoja pekee, nisingedai kurudishiwa chenji.

Sehemu ya pili yenye thamani ilikuwa kazi ya uwandani. Tulitakiwa kuwahoji angalau watu watatu, kwa maswali ya wazi na ya kufunga, kisha tuandike mahitaji ya mfumo. Mimi nilikwenda kwa mzee mmoja mwenye vipe viwili, vyombo vya kuvulia dagaa, nikiwa na fomu niliyokwisha kuichapa, yenye kichwa "Ripoti ya Wiki". Baada ya kumwamkia na kumweleza nilichojia, aliitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji, akanirudishia. "Mwanangu," akasema, "wiki ni ya watu wa ofisini. Sisi tunahesabu giza."

Na kweli, kwa mtu niliyezaliwa Ujiji, ilikuwa aibu kukumbushwa. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa zinazowavuta juu. Mbalamwezi ikishakuwa kubwa taa hupoteza nguvu, vyombo hupumzika ufukweni, na hapo ndipo tajiri na mabaharia wake wanapokaa kufunga hesabu za giza lililopita, yaani kipindi cha uvuvi kisicho na mbalamwezi kubwa. Jedwali langu lenye safu ya wiki lingegawa hesabu moja vipande visivyo na maana kwa yeyote anayelipwa humo. Nikalivunja. Katika mchoro wa vitu na mahusiano, ule ambao mtaalamu wa kompyuta Peter Chen aliutoa mwaka 1976, giza likawa kitu kinachojitegemea, lenye tarehe ya kuanza na ya kwisha, na kila mzigo uliopokelewa stooni ukafungwa kwenye giza lake.

Sasa malalamiko. Kompyuta za maabara zilikuwa chache, hazikuwa na programu yoyote ya kuchorea, na tulichora kwa rula na penseli. Hilo nimelisamehe, kwa kuwa penseli ilinilazimisha kufikiri kabla ya kuvuta mstari. Ambalo sijalisamehe ni mgawanyo wa alama. Mtihani wa mwisho ulibeba 60 kati ya 100, na karibu maswali yote yalikuwa ya "taja na ueleze", wakati kazi ya uwandani, iliyonigharimu jioni za mwezi mzima, ilipewa 15. Ripoti yangu ya kurasa 31 ilirudi baada ya mtihani ikiwa na namba moja kwenye jalada na pasipo neno lolote ndani. Sikujua kama usanifu wa majedwali yangu ulikuwa mzuri, wala kama ripoti yenyewe ilifunguliwa. Mwalimu aliyeandika "Nani aliyeandika?" kwa kalamu nyekundu alikuwa na kitu cha kuniambia, naamini, lakini alikuwa akifundisha madarasa manne kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo, kwa wale wanaouliza: mwenye duka, zahanati, stoo, saccos au hata kikundi cha kukopeshana ambacho daftari lake analifahamu, ajiunge, kwa kuwa atakuwa na mahali pa kujaribia kila anachofundishwa. Aliyetoka kidato cha nne na hajawahi kushika daftari la mtu, na ambaye lengo lake ni kutengeneza programu za simu, atapoteza fedha. Aanze na somo la programu kwanza. Kabla ya kulipa, hakikisha chuo kina usajili wa NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu ya ufundi, kisha omba kuonyeshwa ripoti mbili tatu za uwandani za mwaka uliopita, uzifungue ndani, utazame kama kuna maandishi ya mwalimu.

Programu ya stoo yetu haijatengenezwa bado, bosi anatafuta wa kuifanya. Fomu mpya ya karatasi tunaitumia tangu giza lililopita, na daftari la kaunta sasa linakaa kwenye droo, ufunguo ninao mimi. Mnunuzi mmoja amenuna, hapiti tena kwetu.