Sabuni au mishumaa: kipi kianze jikoni kwako Mbeya?
Mishumaa inarudisha hela haraka: unayeyusha nta, unamimina kwenye kalibu yenye utambi, ikipoa unauza. Ila umeme ukitulia, wateja nao wanatulia.

Sabuni ya mawese ya Kyela inataka subira. Ukiitengeneza bila kupika, iache wiki 4 hadi 6 ikauke na kukomaa. Baridi ya Juni hapa Uyole iliwahi kunifanya nifunike kalibu kwa blanketi kama kichanga! Na kostiki soda, ile kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, haina urafiki: vaa glavu, fungua dirisha, kisha soda ndiyo uimimine kwenye maji, kamwe si maji kwenye soda, itakurukia.

Hata hivyo mimi nimebaki na sabuni. Majirani wanafua kila wiki, umeme uwepo usiwepo.